Marafiki Watano wa Chelagat

Tuanze na hili, tusije tukamwonea bure: Chelagat hakuwa mjinga. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, aliuza vitambaa katika duka la Mama Prachi pale Nakuru, na mteja aliyejaribu kumpunja hata kipande cha utepe alitoka na aibu yake. Wapo watakaosema aliponzwa na ushamba. Hapana. Aliponzwa na kujiona mjanja, na wajanja ndio huliwa vizuri zaidi.

Ilikuwa jioni, mwaka 2008, miezi michache baada ya vurugu za uchaguzi. Watu walikuwa wamerudi makazini lakini hawakuwa wamerudi kuaminiana. Jirani alikusalimia huku anakupima. Ukiulizwa jina lako la pili, lile linalotaja kabila, na mtu usiyemjua, ulijibu polepole, ukitazama mikono yake.

"Chelagat, wewe kwenda kwa Joash cyber," Mama Prachi alimwambia akifunga mikasi kabatini. "Andika tangazo kubwa-kubwa. Duka imefunguliwa tena, kitambaa ya pazia iko. Halafu usikae sana huko. Hii giza ya siku hizi mimi siamini."

Cyber ya Joash, chumba cha kompyuta za kukodi, ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Joash mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele ya printa, mikono imejaa wino mpaka kwenye kiwiko.

"Niaje, Chela. Kaa hiyo ya kona. Printa imenikasirikia kidogo."

Chelagat akakaa kwenye kona. Akachapa tangazo, akalipamba kwa herufi nene, akangoja. Chumba kilikuwa kimya. Nje taa za barabarani zilianza kuwaka moja moja.

Kisha kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Alidhani umeme umepotea. Lakini maneno yakajitokeza katikati ya ule weusi, makubwa, meupe, yametulia.

HONGERA. WEWE NDIYE TULIYEKUWA TUKIKUNGOJA.

Chini yake palikuwa na picha ya simu. Simu ya kamera, nyembamba, ya fedha. Ni yako. Bure. Hulipi chochote.

Chelagat alitabasamu kwa dharau. Habari za zawadi za bure alikuwa amezisikia. Kitu kimoja tu kilimshangaza: maneno yalikuwa ya Kiswahili. Kila alichowahi kuona kwenye mtandao kilikuwa cha Kiingereza, tena Kiingereza cha kelele, chenye nyota na vitu vinavyopepesa. Hiki kilizungumza taratibu, kama mtu aliyeketi karibu nawe.

Hata hivyo hakuondoka. Simu aliitaka, na tusimlaumu kwa hilo. Yake ilipotea Januari wakati wa kukimbia, na tangu hapo alikuwa akiomba ya duka ili ajue hali ya nyumbani Kuresoi, kwa bibi yake waliyemwita Kogo. Shemeji yake Jepkoech, mke wa kaka yake Kiprugut, alikuwa na mimba kubwa. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Chelagat alitaka kuwa wa kwanza kusikia safari hii, na picha ya mtoto aitazame kila asubuhi kabla ya kufungua duka.

Andika jina lako kamili, kioo kilisema. Akaandika. Jina tu, litamdhuru nani?

Sasa taja marafiki watano. Jina, na mahali anapopatikana.

Hapo mkono wake ukasita.

"Joash," aliita, "hii kitu ya kushinda simu ni ya ukweli?"

"Hakuna kitu ya bure, bana," Joash alijibu bila kugeuka. "Hao hawataki pesa yako. Wanataka majina. Ukiwapa jina ya mtu, huyo mtu ameisha."

Chelagat akatazama ule mstari mtupu. Jina, na mahali anapopatikana. Mwaka ule! Wakati bado kulikuwa na watu waliokuwa wakilala kwenye mahema kwa sababu mtu fulani alisema wanaitwa nani na nyumba yao iko wapi. Alimfikiria rafiki yake wa kanisani. Akamfikiria Mama Prachi. Hapana. Hakuna aliye hai ambaye angemwandika hapo.

Hakuna aliye hai...

Ndipo ujanja ukamjia, akacheka peke yake mpaka Joash akakohoa.

Aliandika Chepkwony, babu yake. Aliandika Tabutany, mama yake babu, ambaye hakumwona kamwe ila kwa masimulizi. Aliandika shangazi Taprandich, na baba mdogo Kimeli. Mahali wanapopatikana? Kuresoi, ng'ambo ya shamba la viazi. Wala si uongo. Huko ndiko walikozikwa wote, na hakuna aliyewahi kuhama.

Ilibaki nafasi moja. Alifikiria kidogo, akaona haya, kisha akaandika Kiptonui. Marehemu baba yake.

Akabonyeza.

Jina la kwanza likabadilika rangi. Kando yake likatokea neno moja. *Amekubali.*

Tabasamu likaganda usoni mwa Chelagat. Taprandich, amekubali. Tabutany, amekubali. Kimeli... amekubali. Akasikia harufu. Si ya wino. Harufu ya udongo uliofunguliwa, ule wa chini, usioonja jua.

La baba yake likakawia. Neno lilianza kuandikika, likafutika. Likaanza tena. Likafutika.

*Amekubali.*

Printa ya Joash ikanguruma, ikatoa tangazo la mapazia.

Kwa siku kadhaa Chelagat hakumwambia mtu. Alijiambia ni mashine tu, na mashine hukubali chochote unachoilisha. Alikaribia kusahau. Kisha jioni moja, akiwa anaingiza majora ndani, mtu akasimama mlangoni.

Alikuwa mwanamume wa makamo, suti ya kahawia, kofia mkononi.

"Bila shaka wewe ndiwe Chelagat," alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kama cha msoma taarifa. Nakuru nzima hakuna anayezungumza hivyo anapoleta mzigo.

"Nani anauliza?"

"Nimekuletea zawadi yako."

Chelagat alishusha jora polepole. Hakuwa ameandika popote kwamba anafanya kazi katika duka lile. "Nani alikuambia nafanya hapa?"

"Marafiki zako. Wanakufahamu sana." Alitoa kisanduku kidogo, akakiweka mezani kwa mikono miwili. "Wanakusalimu. Mmoja alitusumbua kidogo njiani, akitaka kurudi. Lakini naye amefika."

"Sikuelewi, boss. Rudi na kitu yako."

"Haturudishi," mtu yule alisema kwa upole. Akainamisha kichwa, akaondoka.

Mama Prachi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la stoo. Alikuwa amemwona, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Huyu mtu mimi sipendi," alisema. "Ona sakafu."

Pale aliposimama palikuwa na udongo. Mweusi, mbichi, wa mabonge. Nakuru haikuwa imepata mvua tangu wiki iliyopita.

Kabla Chelagat hajachukua ufagio, kisanduku kikaanza kulia. Alikifungua. Simu ya fedha, imewashwa tayari.

"Chela!" Ilikuwa sauti ya kaka yake. "Jepkoech amejifungua jana! Kijana!"

Furaha ilimpiga Chelagat kifuani mpaka akasahau kuogopa. Kisha akakumbuka. "Kiprugut... hii namba umepata wapi?"

"Si ni wewe umenitumia message saa hii? Sikiza, kuja kesho. Kogo anataka kumwita jina. Na, Chela..." Sauti ikashuka. "Mtoto amekataa kunyonya. Clinic ya Molo wanasema hana shida. Lakini hanyonyi."

Asubuhi yake alipitia kwa Joash kwanza. Hakupanda hata ngazi. Alimkuta chini anakunywa chai, akamuuliza kama anaweza kutafuta ule ukurasa wa zawadi kwenye kompyuta ya kona.

"Kurasa gani?"

"Ile ya simu. Si nilikuuliza hiyo jioni?"

Joash akaweka kikombe chini. "Chela, hiyo siku internet ilikatika tangu mchana. Mafundi walikuja kesho yake. Mimi nilidhani unaniuliza story umesikia kwa watu. Wewe si ulikuja kutype tu?"

Alitafuta utani usoni mwa Joash. Haukuwapo.

Alipata lori la viazi lililokuwa likirudi tupu, akapelekwa mpaka Kuresoi na dereva asiyependa mazungumzo, jambo lililomfaa. Njia nzima aliishika ile simu ndani ya mfuko wa sweta. Mara mbili alitaka kuitupa kwenye mtaro. Mara mbili akamfikiria mtoto, na kwamba labda ingehitajika kuita gari la kumkimbiza hospitali. Alikuwa na kiu, lakini hakutaka kusimamisha lori.

Jua lilikuwa linazama alipofika. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mahindi. Kiprugut alikuwa amesimama uani, nje ya mlango, kwa kuwa shughuli iliyokuwa ikiendelea ndani ni ya wanawake.

"Ni mzee anayerudi," alimnong'oneza dada yake, macho yamemjaa maji. "Najua. Baba ndiye anarudi. Kogo ataita, na ataitika."

Chelagat akasukuma mlango. Akaingia.

Kwao mtoto hapewi jina, huulizwa. Bibi mzee humpakata, humwekea ugoro kidogo sana puani, kisha huita majina ya watu wa ukoo waliokufa, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Mtoto akipiga chafya, yule aliyeitwa ndiye aliyerudi. Wanawake hupiga vigelegele, na mtoto huwa na mtu wa kumshika mkono maisha yake yote. Aliye hai haitwi. Hilo halifanyiki hata kwa mzaha.

Na mtoto ambaye hakuna aliyemwitikia? Kogo Chepkosgei, bibi yao, hakuwahi kulisema waziwazi. Alisema tu kwamba mtoto wa namna hiyo hana sababu ya kukaa.

Kogo alikuwa ameketi karibu na moto, mtoto mapajani. Kitoto kidogo, chekundu, kimetulia kupita kiasi. Midomo yake ilikuwa imekauka. Jepkoech alikuwa ameegemea ukuta, shuka mabegani, anamtazama tu.

"Chepkwony," Kogo aliita.

Kimya. Moto ulipasua kijiti.

"Chepkwony, mume wangu. Njoo."

Hakuna kitu.

"Tabutany... Taprandich..."

Majina hayo Chelagat alikuwa ameyaandika mwenyewe.

"Kimeli."

Mtoto alipumua, kisha akakawia kupumua tena. Jepkoech alijishika mdomo.

"Kiptonui," Kogo aliita, na sauti yake ikatetemeka kwa sababu alikuwa akimwita mwanawe. "Kiptonui, kaka ya Kimeli. Nyumba ni yako. Ingia."

Hakuna.

Aliongeza ugoro. Akaita wa zamani zaidi, hata waliokwisha kurudi kwa watoto wengine, majina ambayo Chelagat hakuwahi kuyasikia, mpaka yakaisha. Kisha Kogo akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Akanyamaza katikati ya kazi. Akainua kichwa, akasikiliza kama mtu aliyebisha mlango na kugundua nyumba imehamwa.

"Nimeita watu wa nyumba hii wote," alisema polepole. "Siku zote kuna mtu mlangoni. Hata asipokuwa yeye, unamsikia amesimama. Leo..." Akatazama giza la pembeni. "Leo hakuna mtu. Wameenda wapi?"

Chelagat akatoka.

Alimpita kaka yake, akavuka shamba la viazi, akasimama kwenye ukungu mahali walipolazwa wazee wake. Nyasi zilikuwa zimemea vizuri. Hakuna kilichofukuliwa. Kila kitu kilikuwa sawa, na usawa huo ulimtia hofu kuliko kama angekuta mashimo.

Akatoa simu. Ndani yake palikuwa na namba moja tu. Iliandikwa MARAFIKI.

Akapiga.

Ilipokelewa hapo hapo. Hakusikia mtu mmoja. Alisikia wengi, mamia labda, uvumi kama wa soko la mbali. Sauti za wazee, za wanawake, za watoto. Zote zilikuwa zikisema maneno yale yale, kwa uchovu mkubwa, zikipishana...

"Hongera. Wewe ndiye tuliyekuwa tukikungoja."

"Hongera. Hulipi chochote."

"Hongera. Taja marafiki..."

Na mojawapo, karibu kabisa na sikio lake, yenye ule mkwaruzo wa mtu aliyevuta tumbaku miaka mingi. Alikuwa mdogo alipoisikia mara ya mwisho. Aliijua hata hivyo.

"Hongera," ilisema. "Wewe ndiye..."

"Baba!" alinong'ona. "Baba, ni mimi."

Sauti ikakatika. Akasikia pumzi. Kisha, chini sana, upesi sana, kama mtu anayeogopa msimamizi:

"Kata simu, mwanangu. Kata."

Hakukata. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni. Yule mwenye Kiswahili safi alikuwa tayari kwenye simu.

"Chelagat. Umeridhika na zawadi?"

"Niwachilieni watu wangu. Kuna mtoto anakufa hapa."

"Haturudishi. Lakini twaweza kubadilishana. Rafiki kwa rafiki. Nitajie mmoja aliye hai, na mahali anapopatikana, nami nitakuachilia baba yako usiku huu aende kwa mtoto."

Ukungu ulikuwa umemfunika mpaka kiunoni. Nyuma yake, nyumbani, alimsikia Jepkoech akianza kulia, kilio cha chini cha mtu asiyetaka kukikubali anachokiona.

Na ni nani asiyeweza kutaja jina moja? Joash, juu ya duka la dawa. Mama Prachi, nyuma ya pazia la stoo. Yule dereva wa lori aliyekuwa amenuna. Majina yalimjia yenyewe, na alijichukia kwa jinsi yalivyokuja kwa urahisi. Hivi ndivyo ilivyokuwa Januari, alifikiri. Mtu alisimama mahali kama hapa, na watu wake nyuma yake wakilia, akataja.

"Sitaji," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sina mtu wa kukupa."

"Hakuna neno," mtu yule alisema, bila hasira yoyote. "Lako tunalo. Uliliandika la kwanza kabisa."

Simu ikazimika mkononi mwake. Ilikuwa ya baridi, nyepesi, kama ganda.

Alitembea kurudi nyumbani. Alimpita Kiprugut tena, na Kiprugut hakugeuka. Alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akausukuma, ukungu ukaingia naye, na moto ukainama.

Jepkoech aliinua macho, akavuta shuka kumkinga mtoto.

"Chelagat, funga mlango! Baridi!"

Mtoto akapiga chafya.

Mara moja. Kwa nguvu. Mwili wake mdogo wote ulitikisika, akafungua macho, akaanza kulia, kilio kikali cha njaa cha mtoto mzima kabisa.

Hakuna aliyepiga vigelegele.

Jepkoech alimnyakua, akamweka kifuani. Mtoto akashika ziwa kwa pupa, akanyonya, maziwa yakamtoka pembeni ya mdomo. Jepkoech alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha kicheko kikamwisha. Alikuwa amekumbuka ni jina la nani alilolitaja. Akamtazama shemeji yake aliyesimama mlangoni, na pole pole akasogea, yeye na mtoto wake, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa mbali.

"Lakini mimi niko hapa," Chelagat alisema. "Kogo. Si unaniona? Mimi niko."

Kogo aliinuka kwa shida. Akaja karibu, akaweka kiganja mbele ya pua ya mjukuu wake, akakiacha hapo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, kama anayesubiri upepo.

"Ulitutoka lini, mwanangu?" alimuuliza kwa huruma. "Mbona hawakutuambia?"

Koo la Chelagat lilikuwa linamwaka kwa kiu aliyotoka nayo njiani, na juu ya kigoda, karibu na moto, kilikuwapo kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, na vikombe vya wageni. Aliomba anywe. Akanyoosha mkono.

Kogo alikichukua kibuyu. Vikombe hakuvigusa. Alipiga magoti, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamimina maziwa kidogo sakafuni mbele ya miguu ya Chelagat, kama wanavyonyweshwa wale ambao hawawezi tena kushika kikombe.